Tayarisheni Shamba Kabla ya Mvua

Jumapili ya Pili ya Majilio, Mwaka A
Masomo: Isa 11:1-10, Rum 15:4-9, Mt 3:1-12





Katika mkoa wetu wa Singida, Majilio hutukuta na jembe mkononi. Sisi hatuna vuli na masika kama ndugu zetu wa pwani. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, uanzao mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mvua yenyewe si nyingi: kwa kawaida ni milimita 500 hadi 800 kwa mwaka mzima, na mara nyingi katikati ya msimu, Januari au Februari, mbingu hufunga kwa majuma kadhaa. Kwa sababu hiyo wakulima wetu wamejifunza usemi huu: mvua ya kwanza ni ya kupandia. Mtu anayengoja mpaka atone ndipo aanze kutafuta panga na kunoa shoka, huyo atakuwa anafyeka wakati jirani yake anapalilia. Na kiangazi kitakapomkuta, mtama wake utakuwa bado haujatoa hata suke.

Yohane Mbatizaji, tuliyemsikia katika Injili ya leo, anatuletea ujumbe wa namna hiyo. Anasimama jangwani akiwaambia watu watubu, kwa kuwa ufalme wa mbinguni umekaribia. Yohane haileti mvua. Yeye mwenyewe asema kwamba ajaye nyuma yake ana nguvu kuliko yeye. Kazi ya Yohane ni kututaka tutayarishe shamba. Basi leo, ndugu zangu, napenda tutafakari kazi moja mnayoifahamu vizuri: kulirudia shamba lililoachwa kwa miaka mingi mpaka likageuka pori, na kulitayarisha lipate kupandwa tena.

Mashamba ya namna hiyo tunayo katika kila kijiji. Lilikuwa shamba la baba; leo limejaa miiba, nyasi zimefika kiunoni, na vichaka vimefunika hata mpaka. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 24, chasimulia juu ya mtu aliyepita kando ya shamba la mvivu akaona michongoma imeota kila mahali na ukuta wa mawe umebomoka. Hilo ni onyo la haki kwa wavivu. Lakini tusifanye haraka kumwita kila mwenye pori kuwa ni mvivu. Shamba moja limeachwa kwa sababu mwenyewe aliugua. Jingine, vijana wote wamekwenda mijini au kwenye machimbo, na aliyebaki ni bibi kizee asiyeweza kuinua shoka. Jingine, ndugu wawili waligombana siku ya kumaliza matanga, na tangu siku hiyo kila mmoja amkataza mwenzake kugusa ardhi ile. Magugu hayaulizi sababu. Palipo wazi, yanaota.

Ndivyo ilivyo kwa roho zetu. Wako waliouacha ushirika wa Kanisa kwa uvivu. Wako pia walioacha kwa sababu ya jeraha, kwa msiba usioeleweka, kwa neno kali walilotamkiwa, kwa ndoa iliyovunjika. Katekista mwema huuliza kwanza kilichotokea, kisha ndipo anaposhika panga kumsaidia mwenye shamba.

Mafarisayo na Masadukayo walipofika mtoni Yordani, Yohane aliwakataza kujisifu kwamba wanaye baba yao Abrahamu. Maneno hayo yanatuhusu. Mtu aweza kukaa kibarazani akasema, "Sisi tuna ekari kumi za babu," huku watoto wake wanakwenda kuomba debe la uwele kwa jirani. Urithi wa ardhi haushibishi mtu mpaka ulimwe. Vivyo hivyo tunaweza kusema, "Sisi tulibatizwa zamani, cheti kimo sandukuni, babu yetu alifyatua matofali ya kanisa la kwanza." Vyema! Lakini ubatizo ni shamba tulilokabidhiwa, na Mwenye shamba anakuja kuuliza habari za mazao.

Tuanze basi kazi. Baada ya kufyeka, mkulima hukutana na adui wa kwanza, naye ni gugu lenye mizizi ya siri. Mnaijua ndago, nanyi wa Ndago kule Iramba mtanisamehe, nazungumzia majani na si kijiji chenu! Ukiikata ndago kwa juu, shamba laonekana safi. Lakini chini ya udongo kuna viazi vidogo vyeusi vilivyofungamana kama tasbihi, na baada ya mvua mbili tatu ndago imesimama tena, imara kuliko mwanzo.

Adui wa pili ni mbaya zaidi, naye ni kiduha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 bila kufa. Mbegu hizo huamka pale zinapouhisi mzizi wa mtama, uwele au mahindi ukiwa karibu. Kisha kiduha hujishikiza kwenye mzizi huo na kuunyonya gizani. Mkulima huona mtama wake unanyauka ingawa udongo una maji, asijue sababu. Siku kiduha kinapojitokeza juu na maua yake mazuri, madhara yamekwisha kutendeka.

Ndugu zangu, hivyo ndivyo dhambi inavyofanya kazi ndani yetu. Ulevi, uzinzi, rushwa na uchawi huanza chini, mahali pasipoonekana, vikinyonya kilichokuwa kichanga na chema. Tunaona nyumba inanyauka, watoto wamekonda, amani imetoweka, nasi twauliza, "Nani ametuloga?" Wakati mwingine tunamtafuta mchawi kwa jirani, tena twamtazama mama mzee asiye na hatia kwa kuwa macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, kumbe kiduha kimo katika mizizi yetu wenyewe.

Kwa sababu hiyo Yohane asema kwamba shoka limekwisha kuwekwa penye mizizi ya miti. Hakulitaja tawi wala jani. Wako wakulima wanaopenda kuberega, yaani kukwangua ardhi juu juu na kufukia mbegu bila kuitifua. Yawezekana njia hiyo ikafaa katika shamba lisilo na magugu sugu. Katika pori lenye ndago ni kujidanganya. Na wako Wakristo wanaoberega katika sakramenti ya Kitubio: "Padre, nimesema uongo kidogo, nimekosa sala za asubuhi," kisha wanasimama na kuondoka, nayo chuki ya miaka saba dhidi ya ndugu wa damu imebaki udongoni, haikuguswa. Katika Majilio haya, tumia jembe. Litaje lile gugu kwa jina lake.

Tena jifunzeni kwa wataalamu wa kilimo dawa ya kiduha. Wanatuambia tuking'oe kabla hakijatoa mbegu, turutubishe udongo, na tubadilishe mazao: baada ya mtama, tupande karanga, kunde au alizeti. Mizizi ya mazao hayo huziamsha mbegu za kiduha, lakini haizipi mahali pa kunyonya, nazo hufa. Kwa hiyo haitoshi kung'oa peke yake. Mlevi aliyeacha pombe na kubaki jioni nzima hana la kufanya, hajabadilisha zao. Mpeni kazi ya kwaya, mpeni mifugo ya kuangalia, mketishe pamoja na watoto wake. Jambo jema lichukue mahali pa jambo baya, mwaka mmoja, miaka miwili, miaka mitatu. Mbegu iliyolala miaka 10 haiishi kwa mahubiri ya siku moja.

Nasikia mtu akisema, "Baba, kazi hiyo ni ndefu, kuna njia fupi, kiberiti." Naam, moto husafisha shamba kwa saa moja. Lakini yale majani makavu ambayo yangeoza na kuwa mbolea yamegeuka jivu, na upepo wa Singida, mnaoujua nguvu zake, huenda ukauchukua moto ule mpaka kwenye malisho ya jirani na kwenye mizinga yake ya nyuki. Udongo umebaki uchi ukiingojea mvua ya kwanza, nayo inaushusha korongoni. Injili ya leo inataja moto, lakini sikilizeni vizuri: Bwana anapepeta kwanza, ngano anaikusanya ghalani, ndipo makapi huchomwa. Mungu hachomi bila kupepeta. Baba anayesafisha nyumba yake kwa kumfukuza binti aliyepata mimba, au jumuiya inayomtenga mtu kabla ya kumsikiliza, hao wamewasha kiberiti shambani. Pamoja na makapi wameteketeza ngano.

Wako pia wanaotegemea nguvu. Hapa jirani, katika Kongwa mkoani Dodoma, serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 mpango mkubwa wa kulima karanga, ambao ulikusudia kufyeka eneo kubwa sana la pori katika Tanganyika. Yaliletwa matrekta na matingatinga, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kufyekea. Mibuyu na miiba ilivunja mashine. Udongo ule wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikufuata hesabu za ofisini London. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Hawakukosa nguvu wala fedha. Walikosa subira ya kuujua udongo kabla ya kuugusa, na ya kuwauliza wenyeji. Ninyi makatekista, na sisi mapadre pamoja nanyi, tukumbuke Kongwa kila tunapoingia katika maisha ya mtu. Kwa haraka na kwa kishindo tunaweza kuvunja mengi tusipande lolote.

Sasa turudi kwa nabii Isaya katika somo la kwanza. Pale ambapo Yohane anataja shoka, Isaya anataja kisiki. Ukoo wa Yese, baba wa Daudi, umekatwa. Utukufu wa wafalme umeanguka. Mpita njia aona gogo tu, kitu cha kujikwaa. Lakini Isaya aona chipukizi likitoka katika kisiki hicho, na Roho wa Bwana akikaa juu yake. Chipukizi hilo, ndugu zangu, ni Kristo tunayemngojea.

Jambo hilo Mungu ameliandika hata mashambani kwetu. Katika kanda hii ya kati, hasa Dodoma, wakulima wengi wamejifunza njia inayoitwa Kisiki Hai. Mkulima haking'oi kila kisiki. Anatazama kile ambacho mizizi yake ingali hai, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anayapogoa na kuyatia alama, kisha anayalinda na mifugo. Kwa kuwa mizizi imekwisha kushuka chini sana kwenye unyevu, chipukizi hukua upesi kuliko mche uliopandwa kwa mkono. Baada ya miaka michache shamba lina kivuli, udongo haupeperushwi, na kuni zipo. Miti hiyo haikuletwa kutoka mbali. Ilikuwa pale pale, ikikatwa kila mwaka na panga la mtu asiyejua.

Basi mwenye kutayarisha shamba anahitaji vitu viwili, shoka na macho. Shoka kwa ajili ya mizizi ya uovu. Macho ya kutambua kisiki kilicho hai. Katika kila mwenye dhambi kipo kisiki hai. Yule kijana asiyekuja kanisani, angali anamheshimu bibi yake: hapo pana chipukizi. Yule mama aliyeacha sakramenti, angali anawafundisha watoto ishara ya msalaba usiku: hapo pana chipukizi. Litie alama, ulilinde, lisikanyagwe na mifugo.

Na baada ya kufyeka na kung'oa, tutie mbolea. Wazee wa Kinyaturu walilijua hili kabla hatujaletewa mifuko ya dukani. Waliweka ng'ombe na shamba karibu karibu, samadi ya zizini ikarudishwa katika ardhi iliyo jirani na nyumba, na ardhi hiyo ikaendelea kulisha kizazi baada ya kizazi. Bwana wetu naye aliitaja mbolea. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba ataka kuukata mtini usiozaa, naye mtunzaji amwomba auache mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia samadi. Samadi haina harufu nzuri, tena ni kazi ya kuchafua mikono. Kumtembelea mgonjwa, kumsomea mzee asiyejua kusoma, kwenda kumwambia ndugu yako "tumekoseana, tuyamalize", hiyo ndiyo samadi ya Majilio.

Nami nisingependa tumalize kwa mifano tu, kwa maana kuna shamba la kweli linalotungoja. Katika vijiji vyetu wapo wajane ambao mashamba yao yamekuwa pori, si kwa kuwa hawataki kulima. Mume alipofariki, shemeji walisema ardhi ni ya ukoo. Mama akaogopa kuweka jembe. Mwaka wa kwanza nyasi, mwaka wa pili vichaka, na mwaka wa tatu wanasema, "Mnaona? Ameshindwa kulitunza, tulichukue." Ndugu zangu, huo ni wizi uliovishwa nguo ya mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Na sheria ya Mungu ilitangulia kuwalinda wajane na yatima karne nyingi kabla ya hiyo. Aliyemnyang'anya mjane shamba asije mbele ya hori ya Noeli na mshumaa mkononi kabla hajalirudisha. Tunda lipatanalo na toba, lile ambalo Yohane analidai leo, kwake yeye ni ekari zile.

Mtume Paulo, katika somo la pili, atuasa tupokeane kama Kristo alivyotupokea sisi. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa nguzo ya uchungaji mwaka 1976, hawakukusudia ziwe za rozari peke yake. Basi nawaomba viongozi wa jumuiya mfanye jambo moja kabla ya Jumapili ijayo. Ulizeni: katika jumuiya yetu, ni shamba la nani limekuwa pori, na kwa sababu gani? Ikiwa ni ugonjwa au uzee, pangeni siku, mwende na mapanga na majembe kama mlivyozoea kusaidiana tangu kale. Watu 20 kwa asubuhi moja hufanya kazi ambayo mjane peke yake angeifanya mwezi mzima. Ikiwa ni ugomvi wa ndugu, waketisheni chini ya mti pamoja na wazee wenye busara. Ikiwa ni dhuluma, msindikizeni mama huyo kwenye baraza la ardhi la kijiji, asiende peke yake. Nanyi mnapofyeka, vitazameni visiki vilivyo hai.

Ndugu wapendwa, mkulima hawezi kuileta mvua. Baada ya kufyeka, kung'oa na kutia samadi, husimama ukingoni mwa shamba akatazama juu, mikono mitupu. Wokovu pia ni zawadi. Hatuupati kwa jasho letu. Lakini mvua ileile inayonyesha juu ya shamba lililotifuliwa huzama na kuotesha mtama, na ikinyesha juu ya ardhi iliyogandamana hupita juu juu na kuchimba korongo. Kristo atakuja. Tumwombe atukute udongo wetu umefunguka.

Ee Bwana, utupe mkono wa kushika shoka penye mizizi ya uovu wetu, na macho ya kuona chipukizi ulilolihifadhi katika kila ndugu yetu. Uijalie nchi yetu mvua ya kutosha na kwa wakati wake. Uwape wajane haki yao na ndugu waliogombana amani. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Na Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Nawatakia Majilio mema.